Sheria moja kwa wote, mzigo kwa wachache

Ndugu msomaji, zipo sheria ambazo ukizisoma huoni ubaya ndani yake. Hazitaji dini wala kabila. Lakini zikianza kutumika, wanaoumia ni wale wale. Je, sheria ya namna hiyo tuiite ya haki kwa kuwa imeandikwa kwa watu wote?

Tumtazame Bilqis Abdul-Qaadir, binti wa Kiislamu wa Springfield, Massachusetts, Marekani. Alipomaliza sekondari mwaka 2009 alikuwa amefunga pointi 3,070 katika mpira wa kikapu, rekodi ya jimbo zima, wavulana kwa wasichana. Akacheza Chuo Kikuu cha Memphis, kisha Indiana State, akiwa na hijabu yake, mikono na miguu imesitiriwa. Mwaka 2014 alipotaka kwenda Ulaya kucheza kwa kulipwa, akakuta mlango umefungwa. Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la mchezo huo, FIBA, zilikataza kufunika kichwa uwanjani.

Shirikisho lilisema sababu si dini. Sibishani na nia yao. Mwaka huo huo wachezaji Singasinga wa India waliamriwa kuvua vilemba, na timu ya wanawake ya Qatar ikajitoa katika Michezo ya Asia kule Incheon kwa kukataa kuvua hijabu. Lakini dhulma haihitaji chuki ili iwe dhulma. Anayekukanyaga bila kukusudia amekuumiza vile vile, na akishaambiwa, wajibu wake ni kuuondoa mguu.

Hoja yenyewe ilikuwa usalama wa wachezaji. Sisi tunajua kuwa ushahidi ni juu ya mdai. Binti huyu alicheza na hijabu kwa miaka mbele ya waamuzi na watazamaji. Kama kitambaa kile kilikuwa hatari, hapo ndipo pa kuionesha hatari hiyo. Badala yake, aliyekatazwa ndiye aliyebebeshwa gharama ya kungoja.

Wapo watakaosema, si angevua tu kwa dakika 40 za mchezo? Swali hili ni jepesi kwa asiyetakiwa kuvua chochote. Mwenzake aliingia uwanjani kwa kipaji chake. Yeye alidaiwa kipaji pamoja na imani yake. Na wapo miongoni mwetu watakaosema ni heri, mpira una faida gani kwa mwanamke? Huo ni mjadala wake. Lakini mlango ule ulifungwa kwa sababu ya stara, na hilo linatuhusu sote.

Mei 2017 FIBA ilibadili kanuni hiyo, ianze kutumika Oktoba. Ni jambo la kushukuriwa. Lakini miaka ya mwanamichezo ni michache, si kama ya mnazi. Bilqis alikwishageukia kufundisha wengine, na ile kazi ya kucheza Ulaya hakuipata. Maji yakimwagika hayazoleki. Kurekebisha sheria ni haki kwa wanaokuja. Kwa aliyezuiwa, bado ni deni.

Kwa hiyo naona mtunga kanuni, iwe ya mchezo, ya shule au ya ofisi, haitoshi ajiulize kama inamhusu kila mtu. Ajiulize pia ni nani atakayeilipia, na aulize kabla miaka ya mtu haijapita.

Wallahu a'lam.