Hakuna Mwasi Katika Damu Hii

Hapa Karagita, mtoto wa ploti akiugua mara ya kwanza, majirani huuliza anaumwa wapi. Akiugua tena na tena, swali hubadilika: nani amemfanyia hivi? Wengine humtaja jirani mwenye kijicho, wengine husema kuna jambo la ukoo halijatimizwa huko nyumbani magharibi. Sisi tuliookoka huuliza kwa sauti ya upole zaidi, lakini swali ni lile lile: kuna dhambi gani katika nyumba hii? Wanafunzi wa Yesu walimuuliza vivyo hivyo walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu. Walimpa majibu mawili ya kuchagua, ama mtu mwenyewe ametenda dhambi au wazazi wake, naye akayakataa yote mawili. Mimi ni mzee wa kanisa, na ninaamini kwamba sura hiyo ya Yohana tumeisoma mara nyingi bila kukubali inachosema.

Binti yangu ana selimundu. Mimi na mama yake tulizaliwa Siaya, tukaja Naivasha kwa sababu iliyowaleta wengi wanaoishi kando ya barabara hii ya Moi South Lake: kazi ya maua. Mimi nimo katika chumba cha baridi, ambamo waridi hukaa kabla ya kupelekwa uwanja wa ndege Nairobi. Mke wangu yumo katika banda la kupanga maua kwa urefu wa shina. Miezi ya kwanza mtoto alikuwa mnono na mchangamfu. Kisha vidole vya mikono na miguu vikavimba, akawa analia tukimgusa, macho yakawa manjano. Tulizunguka sana kabla ya mtu kusema damu yake ipimwe kwa kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini. Katika mzunguko huo tulifika pia mahali tulipoombewa ili laana ya ukoo ivunjwe, na mke wangu akaambiwa mbele ya watu akiri alichokificha. Hakuwa na la kukiri.

Nieleze kwanza seli yenyewe ilivyo, maana hoja yangu imesimama hapo. Seli nyekundu ya damu huzaliwa katika uboho, ndani ya mifupa. Kabla ya kuingia kwenye mkondo wa damu hutoa nje kiini chake, ile sehemu inayohifadhi maagizo ya urithi, ikabaki utando mlaini uliojaa himoglobini. Ni ndogo mno: elfu moja zikipangwa mstari mmoja hazifikii sentimita moja. Hata hivyo kuna mishipa myembamba kuliko yenyewe, nayo hupita humo kwa kujikunja na kujinyoosha. Uboho wa mtu mzima hutengeneza takriban milioni 2 za seli hizi kila sekunde, na kila moja hufanya kazi kwa siku kama 120 kisha huondolewa. Mtu anayetaka sababu ya kumsifu Mungu ataipata hapa. Mimi humsifu.

Sasa kasoro. Himoglobini ni protini, na protini ni mnyororo wa asidi amino zilizofuatana kwa mpangilio maalumu. Mwaka 1957 Vernon Ingram, akifanya kazi Cambridge, alionyesha kwamba himoglobini ya selimundu inatofautiana na ya kawaida mahali pamoja tu: palipostahili kuwa na asidi ya glutamiki, pana valini. Leo tunajua kwamba hapo ni nafasi ya sita katika mnyororo wa beta. Katika maandishi ya jeni hiyo ni herufi moja iliyobadilika. Himoglobini hiyo hupokea oksijeni kwenye mapafu na kuibeba. Shida huanza ikishaikabidhi. Hapo molekuli zake hushikana, zikajipanga kuwa nyuzi ndefu ngumu, nyuzi zikausukuma utando kutoka ndani, na seli iliyokuwa duara ikapinda kama mundu. Ikirudi mapafuni huweza kunyooka, lakini baada ya kupinda mara nyingi hubaki hivyo. Badala ya siku 120 huishi siku 10 hadi 20. Nyingine hukwama katika mishipa midogo, na sehemu ya mwili iliyo mbele ya kizuizi hukosa hewa. Hayo ndiyo maumivu ambayo binti yangu huyaita mifupa kulia.

Lakini jambo lililonishika na kunigeuza mawazo ni mazungumzo yanayoendelea mwilini wakati huo wote. Figo zina seli zinazopima oksijeni ya damu. Zikiona imepungua hutoa homoni iitwayo erithropoietini, ambayo husafiri hadi kwenye uboho na kuuagiza uongeze kazi. Uboho husikia na kutii. Hutoa seli nyingi zaidi, upesi zaidi, zote zikifuata maandishi yale yale yenye herufi iliyobadilika. Seli zinazotandika kuta za mishipa, zikichubuliwa na seli mundu zinazopita, huweka nje vinasio vya kuita seli nyeupe zije kusaidia, nazo zikija huongeza msongamano. Wengu, ambao kazi yake ni kuchuja seli zilizoharibika, huchuja kwa bidii mpaka wenyewe unaziba na kukauka, mara nyingi kabla mtoto hajafika umri wa kuanza shule. Ndiyo maana watoto hawa hupewa penisilini kila siku: mlinzi mmoja ameondoka.

Katika saratani kuna seli zinazokataa amri. Huambiwa ziache kugawanyika zikaendelea. Mhubiri akiita hali hiyo uasi, namwelewa. Katika selimundu hakuna seli hata moja iliyoasi. Figo zinasema kweli, uboho unatii, wengu unatimiza wajibu, na mtoto anaumia kwa sababu ya utiifu wao wote. Nimetafuta katika habari hii mahali ambapo dhambi ya mama ingeweza kuingia, nisipaone. Nimetafuta mahali pa pepo, nisipaone pia. Anayesema ugonjwa ni uasi ulioingia mwilini anapaswa kuonyesha mwasi ni nani.

Jibu la laana basi nimeliacha. Lakini liko jibu la pili, zuri zaidi, ambalo lilinivuta kwa muda, nalo lina historia inayogusa Bonde hili letu la Ufa. Anthony Allison, mzaliwa wa Afrika Kusini, alilelewa katika shamba la wazazi wake Gilgil, mji unaofuata ukitoka Naivasha kuelekea Nakuru. Mwaka 1949, akiwa mwanafunzi wa Oxford, alirudi Kenya na msafara wa chuo hicho akapima damu za watu wa jamii mbalimbali. Karibu na pwani na karibu na Ziwa Viktoria alikuta zaidi ya mtu mmoja kati ya watano akiwa na chembe ya selimundu. Katika nyanda za juu na sehemu kavu hakumpata hata mmoja kati ya mia. Alijiuliza ni kitu gani kinachofuata ramani hiyo, akaona ni malaria. Alipima watoto Uganda. Pia wanaume Waluo waliojitolea, wenye chembe hiyo na wasio nayo, waliambukizwa malaria kwa makusudi ili waangaliwe, jambo ambalo leo tungelihoji sana. Mwaka 1954 akachapisha matokeo: mtu aliyerithi herufi hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu ana kinga dhidi ya malaria. Miaka mingi baadaye watafiti wa Kilifi walipima watoto kwa uangalifu zaidi wakakuta kinga hiyo, dhidi ya malaria kali, inakaribia asilimia 90. Kimelea kikiingia katika seli ya mtu kama huyo, seli hupinda, na wengu huiondoa pamoja na kimelea chake.

Mimi ni mbebaji wa herufi hiyo. Nilipimwa baada ya binti yetu, na mke wangu pia. Nikiwa mdogo, mdogo wangu aliyenifuata alipata homa msimu wa mvua akafariki kabla hajajua kutembea vizuri. Mimi nililala kitanda kimoja naye, nikaumwa na mbu wale wale, nikapona. Siwezi kuthibitisha kilichotutenga, maana damu yake haikupimwa. Ninachojua ni kwamba katika kijiji kile waliobeba herufi hii walizikwa wachache zaidi, kizazi baada ya kizazi, na kwamba huenda niko hai kwa ajili ya kitu kile kile kinachomtesa mtoto wangu.

Ndipo rafiki mmoja wa kanisani, mtu mwema, akaniambia: unaona sasa? Mungu alikuwa na mpango. Nilitaka kukubali. Inafariji kuambiwa kwamba maumivu yana kazi. Lakini nikiwa nimekaa kitandani kwa binti yangu usiku, siwezi kumwambia kwamba anaumia ili wengine wapone malaria. Wazazi wawili wabebaji wakipata mimba, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto aliyerithi herufi hiyo pande zote mbili. Mtoto huyo hapati kinga tunayosimulia. Malaria kwake ni hatari kubwa. Analipa gharama yote na hapokei chochote. Mungu ninayemwabudu hamfanyi mtoto kuwa malipo ya wengine, na rafiki za Ayubu nao walikuwa na maelezo mazuri, tena wakakemewa kwa ajili ya maelezo hayo. Nasema kwa uzito wote: maelezo yanayomfanya mtoto kuwa chombo ni mabaya kama laana, ila yamevaa nguo nzuri.

Kinachobaki mkononi mwangu, baada ya kuyaacha hayo mawili, ni deni. Kama ukoo wangu umefika hapa ulipo kwa kubebwa na herufi inayowaua baadhi ya watoto wake, basi sisi wazima tunadaiwa na watoto hao. Sijui kwa nini dunia iliumbwa iweze kwenda hivi. Kuhusu nani anamdai nani, sina shaka.

Na deni hilo hapa Karagita lina sura yake. Kinga tuliyokuja nayo kutoka ziwani haina kazi kubwa Naivasha, kwani tuko karibu mita 1,900 juu ya bahari na malaria si tatizo kubwa kama kwetu. Baridi ndiyo iliyopo. Usiku wa Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10, na nyumba za mabati hazizuii kitu. Baridi hubana mishipa, seli zikapita polepole, zikapata muda wa kupinda zikiwa njiani. Mtoto huyu anahitaji pia maji mengi ya kunywa kila siku ili damu isiwe nzito, na maji hapa tunanunua kwa mtungi. Ya visima vingi yana floraidi kiasi cha kuharibu kazi ya seli zinazotengeneza ngozi ngumu ya jino, ndiyo maana watoto waliokulia hapa wana meno ya kahawia. Kwa hiyo mzazi hununua maji yaliyosafishwa, kwa mshahara wa maua, na kununua pia sweta, dawa ya foliki na, akijaliwa, haidroksiurea, dawa inayoamsha himoglobini ambayo mtoto huwa nayo akiwa tumboni mwa mama, ile iliyomlinda miezi yake ya kwanza. Mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba inayohariri jeni katika seli za uboho. Bei yake Marekani ilitangazwa wakati huo kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Waridi ninazozishika jioni huwa Ulaya baada ya siku chache. Tiba hiyo haijafika kwetu.

Tunachoweza sisi ni kidogo kuliko hayo, lakini hakihitaji dola. Mama yangu mzazi alipomuuliza mke wangu kama ugonjwa huu uko kwao, nilimjibu: Mama, vipimo vinasema umetoka kwao na umetoka kwetu, sawasawa. Alinyamaza, kisha akaanza kututumia mboga na samaki bila kuuliza tena. Nataka jibu hilo litolewe hadharani na wanaume, kwa sababu ni wanawake wanaobeba lawama.

Wachungaji wa makanisa yetu haya ya mabati, mnaowahubiria watu wa Siaya, Homa Bay, Busia na Kakamega waliofuata kazi huku: mtoto asiyepona msimtafutie laana. Mpelekeni akapimwe damu mapema, na wachumba wanaokuja kwenu kutangaza ndoa washaurini wapimwe kabla, ili wajue, si ili waaibishwe. Nawe jirani, ukimkuta mama wa mtoto kama wangu kwenye foleni ya maji na mtungi wake, usimuulize alikosea wapi. Mwache achote kwanza.