Je, Kurudi Nyuma ni Woga?

Jaalia, msomaji, jamaa moja ya Kenya imekwenda Uskoti kuwazuru rafiki, na wote pamoja wanaupanda mlima Ben Nevis. Urefu wake ni mita 1,345, ilhali Mlima Kenya una mita 5,199; ni rahisi mgeni kuudharau. Lakini siku nyingi za mwaka kilele chake hugubikwa na ukungu, na ukingoni mwake yako magenge marefu. Wakiwa karibu na kilele, mtoto anachoka, ukungu unashuka, na mwenyeji asema, "Turudi."

Je, baba amwache mtoto kwa mwenyeji, aendelee peke yake? Wako wasemao kwamba kurudi ni woga, na kwamba safari ni kufika. Neno hili lina nguvu, lakini lina upungufu. Mwenyeji mwema hawezi kushuka na kumwacha mgeni mlimani. Atangoja katika baridi, na mtoto pamoja naye. Hivyo sifa ya baba italipwa kwa mateso ya wengine. Woga ni kukimbia wajibu. Huyu akirudi, ameutimiza.

Mlima hauhami, mwaka mwingine utakuwapo. Basi, msomaji, ukipewa nguvu kuliko wenzako, kumbuka kwamba umepewa na mzigo wa kuwangoja.