Ushahidi wa Adui Juu ya Ibada ya Mtu



Ndugu msomaji, mwaka 1676 Mwingereza Aylett Sammes alitoa mjini London kitabu cha historia ya kale ya Uingereza. Ndani yake mna picha iliyochongwa kwenye bamba na kupigwa chapa: jitu la fito zilizosukwa, limejazwa watu walio hai ili wachomwe moto. Hiyo, tunaambiwa, ndiyo ibada ya Wadruidi, makuhani wa kale wa Ulaya magharibi.

Aliyechora hakuiona. Habari hiyo imetoka hasa kwa Julius Caesar, jemadari wa Kirumi aliyeandika zaidi ya miaka 1,700 kabla ya kitabu hicho, akipigana na watu wa Gauli, ambayo leo kwa sehemu kubwa ni Ufaransa. Wadruidi wenyewe hawakuacha andiko la kujieleza, kwani mafundisho yao yalihifadhiwa kwa moyo.

Mwanafunzi wa hadithi angeuliza mara moja: msimulizi ni nani, na ana ugomvi gani na anayemsimulia? Huenda Caesar alisema kweli. Tatizo ni kwamba picha haijui kusema "huenda".

Atakuja mtu aseme: wale ni washirikina, tuwatetee ya nini? Jibu limo katika Qur'ani. Al-Maidah aya ya 8 inatukataza kuacha uadilifu kwa sababu ya kuwachukia watu, na Al-Hujurat aya ya 6 inatuamrisha kuchunguza habari tuletewayo. Kupinga shirki ni wajibu, lakini kumzulia mshirikina hakumo katika wajibu huo. Al-Biruni alijifunza Kisanskriti, na mnamo mwaka 1030 akaandika juu ya Wahindi, akizieleza itikadi zao kama wenyewe wanavyozieleza, ingawa hakuzikubali.

Sisi huumia Uislamu unapochorwa na mtu asiyewahi kuingia msikitini. Kisha tunasambaza kwenye magrupu ya simu picha za ibada za wenzetu tunaosoma nao darasa moja, zikiwa na maelezo ya mtu asiyewahi kuwauliza. Hapo tofauti yetu na mchoraji wa 1676 iko wapi? Yeye Wadruidi walikuwa wamekwisha kutoweka, asingeweza kuwauliza. Wetu wanakaa chumba cha pili bwenini.

Kabla hujaisambaza picha, jiulize: mwenye ibada hii akiyasoma maelezo haya, atajitambua?

Wabillahi tawfiq.