Mtungi Haupakwi Rangi

Wanangu, kaeni hapa barazani kidogo, jua lipungue. Kila Maulidi yakikaribia, katika vichochoro vya mtaa wa Mkomani hapa Lamu husikika sauti ileile: koleo likikoroga simiti. Wageni wako njiani, ukuta umechubuka, na mwenye nyumba anaogopa aibu. Simlaumu. Nani apendaye mgeni wake aegemee ukuta, ainuke na vumbi kwenye kanzu?

Ila utazameni ukuta huo kwanza. Ni matumbawe na chokaa, unene wake karibu dhiraa nzima, na kazi yake ni ileile ya mtungi wa mama zenu pale pembeni: unanyonya maji, unatoa jasho, ndipo ndani pakapoa. Upakeni mtungi rangi ya mafuta, kisha mniambie kama maji yake bado ni baridi.

Simiti haitoi jasho. Unyevu unaopanda kutoka ardhini, ukikosa pa kutokea, unazidi kupanda na chumvi yake, msimu hata msimu, kimya kimya, mpaka ukuta ukatuna. Gongeni kwa kidole: patupu. Tieni ncha ya kisu, na plasta inabanduka kama ukoko wa wali, nyuma yake chokaa ya mababu imekuwa unga. Na vichwa vya boriti vimelala humohumo ukutani. Vikilowa, vinaoza, vikioza, dari inashuka.

Wazee walijenga kwa kipimo cha boriti. Mti wa mkoko haukuwapa upana wa kufika hata mita tatu, basi vyumba vikawa virefu na vyembamba, kimoja nyuma ya kingine: daka la mlangoni, ua tunaouita kiwanda, msana, kisha ndani penye zidaka za chokaa, vile vishubaka vya ukutani, na nyumba kati, walikooshewa maiti wetu. Ukuta mmoja ukilegea, wenzake wanaubeba. Kwa muda.

Nami nilikuwa kijana. Nilichukua simiti nikasawazisha safu tatu za zidaka za mama yangu, nikaona nimemfanyia hisani. Mama hakusema neno. Alihamisha kitanda chake tu.

Mwaka 2001 UNESCO iliuingiza mji huu katika orodha ya urithi wa dunia, nasi tukafurahi. Lakini orodha haizuii mvua. Beit al Ajaib ya Unguja, iliyojengwa 1883, imo katika Mji Mkongwe ulioorodheshwa mwaka mmoja kabla yetu. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka, watu wawili wakafa. Jengo likichoka halipigi mbiu.

Mtaniambia wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kweli. Basi uzibeni kwa kile kilichoujenga. Najua chokaa ina uzito wake: matumbawe yachomwe juu ya magogo, chokaa irushiwe maji, iachwe ipoe miezi kadhaa, na fundi mwashi anayeijua hapatikani kila kona. Simiti iko dukani, asubuhi unainunua, jioni ukuta unang'aa. Mwenye njaa hangoji maharage yaive, nami sitamcheka mwenye njaa.

Ninachowaomba ni kidogo. Msianze kuufikiria ukuta wiki ya wageni. Maulidi yakiisha, jamaa wakishapanda boti na sufuria za pilau zimeoshwa, siku hiyo hiyo mwagizeni fundi chokaa ya mwaka ujao. Ikae. Ipoe. Wageni watakaporudi, itakuwa tayari.