Reli ya Uhuru Inataka Daftari

Ndugu zangu wa Tanzania na Zambia, neno la leo ni la wahenga: mali bila daftari hupotea bila habari. Lishikeni, maana Septemba 2025 serikali zetu mbili zilitia saini mkataba wa kuikodisha TAZARA, Reli yetu ya Uhuru, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kwa kampuni ya Kichina ya CCECC. Miaka 30, kwa ahadi ya dola za Marekani bilioni 1.4.

Siji kuulaani mkataba. Reli imechoka. Ilijengwa ibebe tani milioni 2 kwa mwaka, na haijapata kuzifikia. Anayekuja na mtaji na apokewe kwa heshima. Ila nauliza, na nitauliza mpaka sauti inikauke: daftari atalishika nani?

Kumbukeni tulikopita! Mwaka 2007 Tanzania iliikodisha Reli ya Kati kwa kampuni ya India kwa miaka 25. Kufikia 2011 ilikuwa imekwisha kuirudisha. Mwaka 2006 Kenya na Uganda ziliikabidhi reli yao kwa Rift Valley Railways, nayo kwa miaka 25. Mwaka 2017 mkataba ukavunjwa. Ahadi zilikuwepo kwenye karatasi. Ahadi isiyohesabiwa kila mwezi huoza kama taruma la mti kwenye maji.

Wako watakaosema soko litajisimamia lenyewe. Ndugu zangu, soko humlinda mwenye njia ya pili! Shaba ya Zambia na ya Kongo ikitozwa ghali, itageukia bandari ya Lobito, Angola, au itapanda malori kwenda Durban. Shaba ina mawakili. Lakini mama wa Mlimba mwenye magunia yake ya mpunga, masika yakikata barabara, ageukie wapi? Yeye hana ila treni. Behewa la abiria likiondolewa ili shehena ipite, nani atamsemea? Huyo ndiye sababu ya kuwa na mdhibiti.

Basi enyi LATRA, wadhibiti wa usafiri wa ardhini Tanzania, na ninyi wenzao wa Zambia, simameni! Treni haibadiliki ikivuka Tunduma. Na daftari lisiishie Tunduma. Pimeni kwa mizani moja: nauli na tozo za shehena, saa za kuchelewa, ajali, vichwa vya treni vilivyoahidiwa na vilivyofika. Mkisha kupima, tangazeni, kwa Kiswahili na kwa Kibemba, ubaoni katika kila stesheni. Mwekezaji mwaminifu hataogopa. Mizani ya kweli humlinda muuzaji kama inavyomlinda mnunuzi.

Wabunge, msingoje mwaka wa 29 ndipo muulize. Nawe abiria, tunza tiketi yako. Treni ikichelewa andika saa nyuma ya tiketi hiyo, kaidai haki yako.

Pale Gongo la Mboto wamelala Wachina waliokufa wakiijenga reli hii. Watanzania na Wazambia nao walikufa humo humo, milimani na mabondeni, ili nchi huru zipate njia yao ya kwenda baharini. Tuliirithi kwa gharama hiyo. Tukishindwa hata kuihesabu, tutawaambia nini? Fungueni daftari, ndugu zangu. Lifungueni leo, kabla treni ya kwanza ya mkataba huu haijapiga honi.