Kura za Hawaii na amana ya mwenye kuhesabu

Ndugu zangu katika imani, nakuusieni, na naiusia nafsi yangu kwanza, kumcha Mwenyezi Mungu.

Katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 135, tumeamrishwa kusimamia uadilifu na kutoa ushahidi kwa ajili ya Allah, hata kama ushahidi huo unatuumiza wenyewe. Wengi tumeihifadhi. Siku ya kuitekeleza ndipo ulimi unapokuwa mzito. Leo nawapa mfano wa watu wasio wa dini yetu, maana haki ni haki popote inapotendwa.

Visiwa vya Hawaii vilipokelewa kuwa jimbo la 50 la Marekani tarehe 21 Agosti 1959. Novemba 1960 watu wake wakapiga kura ya rais kwa mara ya kwanza, Richard Nixon akishindana na John Kennedy. Hesabu ya awali ilimpa Nixon ushindi wa kura 141, kati ya kura zaidi ya 184,000, na hati ikasainiwa. Wafuasi wa Kennedy wakaenda mahakamani. Kura zikahesabiwa upya, na Kennedy akaonekana ndiye mshindi, kwa kura 115.

Hapo ndipo pa kutazama. Gavana William Quinn alikuwa wa chama cha Nixon, naye akasaini hati mpya ya ushindi wa mpinzani. Kisha tarehe 6 Januari 1961 Bunge la Marekani likakutana kuhesabu kura za wajumbe wa majimbo yote, ambazo ndizo humpata rais, na msimamizi wa kikao alikuwa Nixon mwenyewe, kwa cheo chake cha makamu wa rais. Mbele yake zimewekwa hati zinazopingana kutoka Hawaii. Akapendekeza, kwa kinywa chake, zihesabiwe za Kennedy.

Mtu atasema: alikwishashindwa, kura tatu za wajumbe wa jimbo lile zisingemwokoa. Kweli. Lakini ni wangapi kati yetu tunamnyima mwenzetu haki yake hata pale ambapo kuizuia hakutupi faida yoyote? Inda tupu, na Allah anatuona.

Ewe uliyekabidhiwa kuhesabu, ziwe kura za kijiji, za kamati ya msikiti, au mafungu ya mirathi ya mayatima: kura ya usiyempenda nayo ni amana shingoni mwako. Iandike ilivyo, usingoje kulazimishwa na hakimu.