Imani, malezi na ng'ombe wa mwenzio

Malezi ya mtoto katika Ugogo, nchi ambayo Manyoni iko upande wake wa magharibi, kwa sehemu kubwa yalifanyika zizini na machungani. Mvua huko ni chache, nazo zikikatika mapema mtama na uwele hubaki mabua. Kwa hiyo mfugaji hakuweka mifugo yake yote mahali pamoja. Wengine aliwakabidhi kwa rafiki au shemeji wa kijiji kingine, ili ukame au maradhi yakiingia huku, kule kubaki kitu. Mtunzaji alikunywa maziwa. Ndama walikuwa mali ya mwenye ng'ombe. Peter Rigby, katika kitabu chake cha 1969 kuhusu Wagogo, alieleza kwa kina jinsi mifugo na undugu vilivyofungamana.

Mchungaji wa ng'ombe hao mara nyingi alikuwa mvulana mdogo. Aliwajua mmoja mmoja kwa rangi na pembe, na jioni akikosekana mmoja ilibidi atafutwe kabla fisi hajamfikia. Ng'ombe akifa, mwenyewe alipaswa kuambiwa, tena kweli tupu, ingawa alikuwa mbali na hakuona lolote. Mtoto aliyemsikia baba yake akieleza kifo hicho bila kupunguza wala kuongeza neno alipata somo ambalo mawaidha peke yake hayawezi kulifikisha. Miaka ya jando ilipofika, wazee walilitilia mkazo jambo ambalo kijana alikwisha kuliishi.

Dini zilizokuja baadaye zilikuta msingi huo. Uislamu ulifuata njia ya misafara kati ya pwani na Tabora, iliyopita Ugogo, kisha reli ya kati, ambayo ilifika Tabora mwaka 1912. Ukristo ulikuja na wamisionari, na matunda yake yanaonekana katika hospitali za Kilimatinde na Itigi. Imani hizi mbili zilipanua mipaka ya uaminifu: anayestahili kutendewa haki si ndugu na rafiki tu, bali hata mgeni asiye na ukoo hapa, na Mungu anaona hata pale ambapo jirani haoni. Hata hivyo, mtoto anayehifadhi sura chuoni au aya kanisani, kisha nyumbani akaona kibaba kikipunjwa, huiga kibaba.

Malezi mema nayo yana mipaka yake, na ni haki kulisema hilo. Katika njaa ya Mtunya, kati ya 1917 na 1920, majeshi ya Vita vya Kwanza vya Dunia yalikwisha kuchukua nafaka, mifugo na wapagazi, ukame ukaongezea, na watu wa Ugogo wakatawanyika kutafuta chakula. Si sawa kumhukumu kwa tabia yake mtu aliyenyang'anywa kila kitu.

Siku hizi mchungaji yuko darasani, kama inavyostahili. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mtoto awaheshimu wazazi na wazee na kuwasaidia wanapohitaji, lakini kifungu cha sheria hakilei. Wala wazazi wa Manyoni wasiwaachie kazi hiyo padri, shehe na mwalimu peke yao. Wampe mtoto kitu cha mwenzake akitunze, na siku ya kukirudisha wamdai hesabu kamili.